Kilimatinde na Elimu ya Kuizima Sauti

Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, Kilimatinde, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilikuwa kituo mashuhuri katika njia ya misafara itokayo pwani, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo. Nayo misafara, kwa desturi ya zama hizo, ilitangaza kuwasili kwake kwa ngoma, baragumu na milio ya bunduki. Reli ilipopita kando, kwa Saranda na Manyoni, misafara ikakoma, na ghasia ile ikatoweka kwa kuwa asili yake ilihama.

Lakini abiria wa ndege hawezi kuihamisha injini. Kwa hali kama hiyo yafaa hila nyingine, aliyoibuni Paul Lueg, Mjerumani, akapewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Sauti ni mawimbi ya hewa yapandayo na kushuka. Basi maikrofoni huidaka kelele, na chombo hutoa papo hapo sauti ya pili yenye nguvu sawa, ambayo hupanda ile ya kwanza ishukapo, hata zikutanapo sikioni hubatilishana. Fikra hiyo ilisubiri ufundi wa elektroniki ukomae, na mwaka 1978 mhandisi Amar Bose akaanza kuitafutia njia katika hedifoni.

Hata hivyo, hila hii hushinda hasa mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini. Ama ngoma na baragumu za Kilimatinde, zenye milio ya ghafla, zingaliipenya bila taabu.