Theluji Sweden na Finland: njia moja kwa dereva na mwenda kwa miguu

Theluji nzito ikianguka usiku kucha, barabara za Sweden na Finland huamka zikiwa nyembamba kuliko zilivyokuwa jana. Mistari imefunikwa, ukingo wa njia ya waenda kwa miguu haujulikani ulipo, na mtambo wa kusukuma theluji umeacha ukuta mweupe kila upande. Katikati ya kuta hizo hukutana gari lenye uzito wa tani moja na nusu, mwanafunzi aendaye shule na mzazi asukumaye kigari cha mtoto.

Jambo la kwanza linalobadilika ni umbali wa kusimama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya kawaida mijini katika nchi zote mbili, hupita takribani mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva huitumia kutambua hatari kabla ya kukanyaga breki. Kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 14 hivi ili kusimama kabisa. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mita hizo za breki hufika 40, na kwenye barafu tupu hukaribia 100. Kasi ikipunguzwa hadi kilomita 30, breki kwenye barafu hiyo hiyo huhitaji takribani mita 35. Mwenda kwa miguu anayeona gari likipunguza mwendo hana njia ya kujua kama magurudumu yamekamata ardhi au yanateleza tu. Ndiyo maana watu waliozoea baridi hawaingii barabarani mpaka gari limesimama, hata pale ambapo haki ni yao.

Haki hiyo ipo. Nchini Sweden, tangu tarehe 1 Mei 2000, dereva analazimika kumpisha mtu anayevuka au anayekaribia kuvuka kwenye kivuko kisicho na taa. Rangi nyeupe ya kivuko ikizikwa na theluji, wajibu huo haufutiki: kibao cha buluu chenye picha ya mtu anayetembea hubaki juu ya nguzo yake. Kinachosumbua ni kwamba rundo la theluji kando ya kivuko linaweza kumficha mtoto mzima, na dereva humwona akiwa tayari yuko barabarani.

Sheria za tairi zinafanana, ila tarehe hazilingani. Sweden hutaka tairi za majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara inapokuwa na theluji, barafu au utelezi wa baridi. Finland huanza mapema, mwezi Novemba, na kuendelea hadi mwisho wa Machi, hali ya hewa au ya barabara inapohitaji. Kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 3. Finland pia hushusha kikomo cha kasi katika barabara kuu nyingi wakati wa baridi, kutoka kilomita 100 hadi 80. Tairi zenye meno ya chuma zinaruhusiwa, lakini huchimba lami na kutimua vumbi ambalo wanaotembea kando ndio hulivuta. Kwa sababu hiyo jiji la Stockholm limezipiga marufuku katika mtaa wa Hornsgatan tangu mwaka 2010.

Upande wa mwenda kwa miguu, Finland inadai kitu kidogo sana: kiakisi mwanga. Sheria inamtaka kila anayetembea barabarani gizani avae kiakisi kinachofaa. Hapigwi faini asipovaa, lakini tofauti ni kubwa. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, gari likiwa limewasha taa za chini, huonekana akiwa umbali wa mita 50 hivi au pungufu. Kiakisi kikining'inia karibu na goti humfanya aonekane kutoka zaidi ya mita 100. Familia iliyowasili majira haya kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, huenda haijapata kukiona kifaa hicho, na mwezi Desemba huko Helsinki jua hutua saa tisa alasiri, watoto wakiwa njiani kurudi kutoka shule.

Hata hivyo, anayedhani kwamba hatari kuu ya theluji kwa mwenda kwa miguu ni gari atakuwa ameona nusu tu ya mambo. Nchini Sweden, wengi zaidi huumia kwa kuteleza na kuanguka wenyewe: mkono, nyonga, kifundo cha mguu. Kwa muda mrefu majeraha hayo hayakupewa uzito, kwa kuwa mtu aliyeanguka bila kuguswa na chombo chochote hahesabiwi katika takwimu rasmi za ajali za barabarani. Picha kamili huonekana pale taarifa za polisi zinapounganishwa na zile za hospitali, kama ufanyavyo mfumo wa kitaifa uitwao Strada.

Hesabu ya aina hiyo ndiyo inayofanya swali la nani asafishiwe njia kwanza kuwa zito kuliko linavyosikika. Kwa desturi, mtambo ulianza na barabara kuu, na njia za miguu zikangoja. Manispaa ya Karlskoga iligeuza utaratibu huo: ikaanza na njia za miguu na za baiskeli, hasa zile za kwenda shule za chekechea na mahali pa kazi, kisha barabara za magari. Hoja ilikuwa kwamba gari hupita katika theluji ya kina cha kiganja bila shida kubwa, ilhali kigari cha mtoto hukwama. Na wanaotembea au kupanda basi ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Stockholm nayo ilifuata mkondo huo. Novemba 2016 jiji likaangukiwa na theluji isiyo ya kawaida kwa mwezi huo, magari na mabasi yakakwama, na wakosoaji wakaitupia sera hiyo lawama. Watetezi walijibu kwamba theluji ilizidi uwezo wa mitambo, hata ingeanzia wapi. Kejeli zilivuma sana, lakini hazikujibu hoja ya Karlskoga.

Mahali pengi, hata hivyo, si mtambo wa manispaa unaosafisha mbele ya mlango. Katika miji mingi ya Finland na Sweden, mwenye jengo ndiye anayewajibika kuondoa theluji na kumwaga changarawe kwenye njia ya miguu iliyo mbele yake, na pia kuiondoa paani kabla haijaporomoka. Utepe au kizuizi kilichowekwa ukutani maana yake ni kwamba juu kuna watu wanaoangusha theluji. Anayelazimika kushuka barabarani kwa ajili hiyo, au kwa kuwa njia ya miguu imezibwa, atembee upande wa kushoto, akiyaelekea magari yanayokuja.

Watoto huyapenda marundo yaliyo kando ya barabara na huchimba mapango ndani yake. Dereva wa mtambo hawezi kuwaona, na mara nyingi hurudi usiku kuyasukuma tena marundo yale yale. Wazazi huonywa juu ya hilo kila mwaka. Wazee nao hushauriwa kuvisha viatu meno ya chuma yanayokamata barafu, na baadhi ya manispaa za Sweden huyagawa bure kwa wakazi waliotimiza miaka 65. Yavuliwe mlangoni mwa duka: kwenye sakafu ya vigae hugeuka utelezi.