Vyeti vya rehema: jinsi msamaha ulivyogeuzwa biashara

Mwaka 1517, katika sehemu za Ujerumani, waumini walitoa fedha wakapewa cheti cha rehema. Wengi waliamini kwamba cheti hicho kimewahakikishia wokovu, au kimemtoa toharani mzazi aliyefariki.

Rehema ni nini?

Kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, rehema haifuti dhambi. Anayetubu na kuungama husamehewa. Rehema humpunguzia au kumwondolea adhabu ya muda inayobaki. Ilitolewa kwa wanaosali, kuhiji au kutoa sadaka. Polepole sadaka ikageuka kuwa bei.

Fedha zilikwenda wapi?

Albrecht wa Brandenburg alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg alipopata pia uaskofu mkuu wa Mainz mwaka 1514. Ili aruhusiwe kushika vyeo vyote viwili, aliilipa Roma fedha nyingi, alizokopa kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Papa Leo wa Kumi akamruhusu kukusanya fedha za rehema: nusu ijenge Basilika la Mtakatifu Petro, nusu ilipe deni. Mhubiri Johann Tetzel akazunguka kuzikusanya. Waumini waliambiwa habari za ujenzi. Za deni hawakuambiwa.

Nani alihoji?

Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wittenberg, alimwandikia Albrecht tarehe 31 Oktoba 1517, akaambatanisha hoja 95. Mojawapo ilisema kumpa maskini ni bora kuliko kununua rehema. Mwaka 1521 alitengwa na Kanisa, na Wakristo wa Ulaya Magharibi wakagawanyika. Kanisa Katoliki nalo lilijisahihisha: mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alifuta rehema zinazotolewa kwa malipo. Rehema zipo hadi leo, lakini haziuzwi.

Tunajifunza nini?

Hakuna aliyesimama kutangaza kwamba toba imefutwa. Maneno ya ibada yalibaki yale yale. Kilichobadilika ni sanduku la fedha kuwekwa mbele ya toba. Waraka wa Yakobo unaipima dini ya kweli kwa namna inavyowajali yatima na wajane.

Ukiombwa fedha ili uombewe au ubarikiwe, jiulize: Je, asiye na kitu anahudumiwa sawa na mwenye nacho? Mapato na matumizi yanasomwa mbele ya waumini? Na anayeuliza, anajibiwa au anaitwa mwasi?