Kuagiza gari jipya la spoti Kampala: nyongeza zipi zina maana?

Magari mengi yanayopita katika barabara za Kampala yaliingia Uganda yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mnunuzi wake hakuulizwa lolote. Alifika katika bondi, akachagua miongoni mwa yaliyokuwapo, akalipa. Anayeagiza gari jipya la spoti kutoka kiwandani yumo katika hali nyingine kabisa. Wakala humwekea mezani orodha ya nyongeza: rimu kubwa zaidi, breki za kauri, viti vya ngozi, paa la kioo, ekzosi yenye mngurumo. Orodha hiyo huandaliwa kwa kufikiria barabara laini za Ulaya na Japani. Matuta na mashimo ya Kampala hayamo ndani yake, na hapo ndipo makosa ya gharama kubwa huanzia.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kodi. Ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, na nyongeza zote za kiwandani zimo katika thamani hiyo. Kwa kiwango cha kawaida cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha asilimia 25, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake, nyongeza ya dola 3,000 huwa imefikia dola 4,425 kabla ya tozo nyingine kuhesabiwa. Kwa hiyo kitu ambacho fundi wa Kampala aweza kukifunga vizuri baadaye, kama vile zulia, kamera ya nyuma au spika, si busara kukilipia kiwandani. Fedha ielekezwe kwenye vile ambavyo haviwezi kuongezwa tena gari likishaundwa.

Miongoni mwa hivyo, muhimu kuliko vyote katika mji huu ni kimo cha gari kutoka ardhini. Toyota GR86, ambayo ni miongoni mwa magari ya spoti ya bei ya kati, ina nafasi ya takriban milimita 130 chini yake. Tuta moja lililojengwa bila kipimo katika barabara ya mtaani laweza kuikwangua bampa yake ya mbele mara ya kwanza tu. Ndiyo maana katika magari ghali zaidi, kama Porsche 911, nyongeza inayostahili kutangulizwa ni mtambo wa kuinua mhimili wa mbele. Dereva hubonyeza kitufe, pua ya gari hupanda kwa takriban milimita 40, naye huvuka tuta au kuingia lango lenye mteremko kwa mwendo wa polepole. Mtambo huo haufungwi gereji baadaye. Kinyume chake ni sasipensheni ya spoti, ambayo mara nyingi hulishusha gari kwa milimita 10 au zaidi. Wauzaji huisifu sana, lakini kwa anayeishi Muyenga au Mbuya ni kulipia usumbufu.

Rimu huambatana na suala hilo hilo. Gari hilo hilo la GR86 hutolewa na matairi ya 215/45 kwenye rimu ya inchi 17, au 215/40 kwenye rimu ya inchi 18. Tarakimu ya pili ni asilimia ya upana wa tairi, nayo hueleza urefu wa ukuta wa mpira. Hesabu yake ni nyepesi: tairi la kwanza lina ukuta wa karibu milimita 97, la pili milimita 86. Sentimita moja hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha rimu na ukingo wa shimo. Kwa macho, rimu kubwa hupendeza, hilo halikanushiki. Mnunuzi aulize pia kama gari lina tairi la akiba, kwa sababu mengi ya aina hii huja na chupa ya dawa ya kuziba tundu tu, na dawa hiyo haisaidii kitu tairi likipasuka ubavuni kati ya Kampala na Masaka.

Kuhusu injini, Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 12 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho: iliyoandikwa nguvu farasi 230 hubaki na kama 200. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi ndani. Hivyo pale kiwanda kinapotoa injini za aina mbili, tofauti ya bei ina sababu ya kweli hapa kuliko pwani. Wapenzi wa mbio za magari nchini, ambako Charles Muhangi aliibuka bingwa wa Afrika mwaka 1999, wameizoea turbo ya Subaru na Mitsubishi kwa miaka mingi. Hata hivyo injini hizo huhitaji petroli bora. Vitabu vya magari mengi ya spoti hutaka RON 95 au 98, na ni vyema kuthibitisha mapema ni kituo gani jirani kinachoiuza.

Breki za kauri ni nyepesi na hazichoki upesi kwa joto, lakini faida hiyo huonekana kwenye uwanja wa mashindano. Hata katika barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 100 kwa saa, na breki za chuma zinautosha bila taabu. Diski ya kauri ikivunjika, bei ya mpya hushtua. Viti vya kupashwa joto navyo havina kazi karibu na ikweta. Vya kupulizwa hewa vina maana zaidi kwenye foleni ya Jinja Road saa nane mchana.

Lipo jambo dogo ambalo wasikilizaji wa redio watalithamini. Gari lililoundwa kwa soko la ndani la Japani hunasa mawimbi ya FM ya megahezi 76 hadi 95, ilhali Uganda hutumia 87.5 hadi 108. Stesheni zote zilizo juu ya 95 hazisikiki, na ramani na maandishi ya kioo huwa ya Kijapani. Kwa hiyo katika fomu ya agizo, mahali pa kutaja soko ambalo gari linaundiwa pana uzito kuliko rangi.

Rangi yenyewe ni hiari ya mnunuzi, ingawa nyeupe, nyeusi na ya fedha huuzika upya kwa urahisi, na nyeusi huonyesha kila chembe ya vumbi jekundu. Kabla ya kutia saini, wakala atakiwe kuandika tarehe ambayo kiwanda kitafunga agizo, kwani baada ya hapo hakuna kinachobadilishwa, na usukani uwe umeandikwa kuwa upande wa kulia.