Tarehe ya Kuzaliwa: Kutoka Amri ya 1904 hadi Simu ya Isevya

Likizo iliyopita nilikaa kwa dada yangu Isevya, Tabora. Jioni moja mpwa wangu wa darasa la sita aliniletea simu ya mama yake nimsaidie kurejesha nenosiri alilolisahau. Nikaona kwamba katika akaunti yake mwaka wa kuzaliwa umeandikwa 1990. Nilipomuuliza, alijibu bila kusita: "Mjomba, ukiandika wa kweli inakukatalia."

Nimelitafakari sana jibu hilo, kwa kuwa dola kumlinda mtoto kwa tarehe si jambo geni katika mji ule.

Unyanyembe ilikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na katika njia hiyo walipita watu waliobeba pembe na watu waliokuwa wenyewe bidhaa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Sheria hizo zilisimama pwani. Huku bara, utumwa uliendelea mashambani na majumbani, na wengi walioushikiliwa nao walikuwa wanawake na watoto. Wajerumani walipotawala hawakuufuta. Desemba 1904 walitoa amri kwamba mtoto yeyote wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru.

Hebu msomaji aifikirie amri hiyo ndani ya nyumba moja. Mtoto aliyezaliwa Novemba 1905 ni mali ya bwana. Mdogo wake wa 1907 ni huru. Mama yao, aliyewazaa wote wawili, bado ni mtumwa. Katika nyumba isiyo na cheti cha kuzaliwa, nani angethibitisha tarehe? Shahidi wa kwanza alikuwa mama, yaani mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote mbele ya bwana na mbele ya boma. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Silinganishi simu na utumwa. Ninalinganisha namna ya kutunga ulinzi: tarehe inaandikwa juu ya karatasi, kisha mtoto anaachwa aithibitishe mwenyewe.

Umri wa miaka 13 unaodaiwa na mitandao mingi, ambao ndio ulimfanya mpwa wangu adanganye, chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto mtandaoni. Mtoto wa Isevya anaikwepa sheria ya Washington bila kujua kuwa ipo. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16. Huko, kuthibitisha umri ni hoja ya kiufundi na ya faragha. Kwetu tatizo linaanza mapema zaidi. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, na laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kwa kumbukumbu za serikali, basi, anayeperuzi usiku pale sebuleni ni dada yangu.

Hatuna uhaba wa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha picha za ngono za watoto, na adhabu yake ni kali. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu cha taarifa za uongo, na wananchi wengi wanaijua kwa kifungu hicho. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilizungumzia watoto, na zilidai kamera katika intaneti kafe. Pia ziliwatoza waandishi wa mtandaoni ada ambazo wengi hawakuzimudu, wakafunga kurasa zao. Wazee wa njia ya misafara wangeitambua ada ile: waliiita hongo, ushuru wa kupita, kabla neno hilo halijapata maana yake ya leo. Ninachodai ni kwamba neno "mtoto" limetumika kufungulia mlango ambao watu wazima ndio waliobanwa nao.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kuwa asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 nchini wanatumia intaneti, na kwamba takriban watoto 200,000 walifanyiwa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika kwa mtoto. Kamera ya intaneti kafe haimwoni jirani huyo. Anayeweza kumfikia ni afisa ustawi wa jamii, au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto mwenye ujuzi wa kuhifadhi ushahidi wa simu bila kumwaibisha binti aliyeuleta. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua mafungu ya kazi hiyo yanavyopunguzwa kila bajeti inapobana.

Sikumfungia mpwa wangu akaunti, na dada yangu hakufurahi. Tulikubaliana simu ilale chumbani kwa mama. Nikampa namba 116, ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa. Aliiandika nyuma ya daftari la hisabati, kisha akauliza kama anayepokea anaweza kumwambia mama yake.