Kuzimu na Jehanamu: Neno Lililonitoa Kanisani

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi neno moja lilivyobadilishwa maana, na jinsi mabadiliko hayo yalivyonitoa kanisani. Wapo watakaosema kazi hii si ya mhakiki. Nami nawauliza: kama si sisi tunaosomea maneno, nani ataifanya?

Nimezaliwa Uru, juu ya mji wa Moshi, katika ukoo wa Wakatoliki watupu, isipokuwa mzee mmoja: baba yake bibi, aliyefariki bila kubatizwa. Kaburi lake liko kihambani, chini ya migomba, limezungushiwa masale. Nilipokuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza nilimuuliza mwalimu wetu mzee yule yuko wapi. Akajibu bila kusita: "Motoni." Nikakimbia kumwambia bibi. Hakunikemea. Alinyamaza tu, akaendelea kumenya ndizi. Baadaye sana nikajua kwamba naye aliambiwa hivyo hivyo akiwa msichana.

Sasa tuitazame historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo huo Walutheri wa Leipzig nao wakafika Kilimanjaro. Hawakukuta watu wasio na imani. Wachaga walimjua Ruwa, na waliamini kwamba wafu wao, yaani warumu, wanaishi chini ya ardhi. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, aliandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1924. Sisemi kwamba imani hiyo ilikuwa ya upole mtupu, maana warumu walikasirika, wakaleta magonjwa, wakadai mbuzi. Lakini aliyeudhika alipozwa, na deni lililipwa likaisha. Moto wa milele haukuwamo.

Kiswahili nacho kilikuwa na neno la Kibantu, kuzimu, makao ya mizimu. Kando yake lilikuwapo jehanamu, lililokuja kwa njia ya Kiarabu, na ambalo asili yake ni bonde la Hinomu, karibu na Yerusalemu, ambako nabii Yeremia anasema watoto walichomwa moto. Haya ni maneno mawili tofauti. Lakini hebu fungua Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Makao ya wafu ya Agano la Kale yanaitwa kuzimu. Halafu ukifika Luka 16, tajiri anateswa kwa moto huko huko kuzimu! Sidhani wafasiri walikuwa na nia mbaya. Walitafuta neno la karibu. Ila neno hilo lilikuwa nyumba yenye wenyewe, na wenyewe walikuwa babu zetu.

Waandishi wetu wamelishughulikia jambo hili. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa anajiua, na kwa mafundisho ya wakati ule safari yake ilijulikana. Lakini mwandishi hamwachi hapo. Anamsimamisha mbele ya Mungu pamoja na Zakaria, baba yake, ili naye aseme. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura yenye ujasiri kuliko zote.

Rafiki yangu mmoja, Mkatoliki safi, ananiambia: rudi bwana, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kukubali mwaka 1964 kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake anaweza kuokoka. Ni kweli, ingawa habari hiyo ilichelewa sana kupanda mlima. Lakini mimi sikuondoka kwa ajili ya mzee mmoja. Bado sioni kosa gani la maisha haya mafupi linastahili adhabu isiyo na mwisho, awe wa kwetu au wa jirani.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilimsimulia bibi habari za mwaka 1964. Alilia, akashukuru. Kisha akaniuliza kwa nini sikupanda kupokea Komunyo. Nikamweleza ukweli. Akashika rozari yake, akasema: "Kumbe nimempata baba, nimekupoteza wewe mjukuu wangu."

Historia ya neno naweza kuieleza. Bibi sikuwa na la kumjibu.