Muhammad Ali: Mafunzo kwa Vijana Wanamichezo kutoka kwa Bondia Aliyejua Kupoteza



Wazazi na vijana wapendwa, timu ya mtaani ikifungwa, au kijana akiachwa nje ya kikosi, nyumba nzima hujua. Mlango hubamizwa, chakula hakiliwi, viatu hutupwa uvunguni, na kijana huapa kuwa hachezi tena. Sisi wazazi tumezoea kuwafundisha watoto wetu namna ya kushinda. Ni wachache wanaowafundisha namna ya kushindwa, ilhali hakuna mwanamichezo asiyeshindwa.

Kwa hiyo leo tuitazame historia ya Muhammad Ali, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi uzito wa juu mara tatu. Wengi humkumbuka kwa ushindi wake. Sisi tumtazame kwa yale aliyoyapoteza, na yale aliyoyafanya baada ya kuyapoteza.

Kabla hatujaendelea, tuseme wazi kwamba hatuandiki haya ili kumpeleka mtoto wa mtu ulingoni. Wanazuoni wengi wanaikataza ndondi kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikataza kupigana usoni, na mchezo wenyewe una madhara kwa afya. Tunachokitafuta hapa ni mazingatio, nayo yanamfaa mcheza mpira, mkimbiaji na hata mwanafunzi asiyecheza mchezo wowote.

Baiskeli iliyoibiwa

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, akaitwa Cassius Clay. Wakati huo watu weusi walibaguliwa waziwazi katika shule, hoteli na mabasi. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli yake mpya. Alikwenda kwa askari polisi aitwaye Joe Martin huku akilia na kuapa kuwa atampiga mwizi akimpata. Askari huyo, ambaye pia alikuwa akifundisha vijana ndondi, alimwambia kuwa kabla ya kumpiga mtu ni vyema kwanza ajifunze kupigana.

Baiskeli haikupatikana. Lakini hasira ya mtoto ilipata mahali pa kwenda, ikageuka mazoezi ya kila siku. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, kijana huyo alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mjini Rome. Mzazi mwenzangu, mtoto mwenye hasira anahitaji mtu mzima wa kumwonyesha kazi ya kuifanyia hasira hiyo. Kumkaripia peke yake hakutoshi.

Mkanda ulionyang'anywa

Februari 1964, akiwa na miaka 22, alimshinda Sonny Liston mjini Miami na kuwa bingwa wa dunia. Mara tu baada ya hapo alitangaza kuwa yeye ni Muislamu, na akaitwa Muhammad Ali. Wakati huo alikuwa katika kundi la Nation of Islam, ambalo mafundisho yake yalikuwa na tofauti kubwa na Uislamu tunaoujua. Mwaka 1972 alikwenda Hija, na kuanzia mwaka 1975 akafuata njia ya Sunni.

Tarehe 28 Aprili 1967 aliitwa mjini Houston kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Jina lake liliposomwa alikataa kupiga hatua mbele, akisema kuwa dini yake haimruhusu kupigana vita ile. Siku hiyohiyo walianza kumnyang'anya leseni na ubingwa. Juni mwaka huo mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa kukata rufaa, lakini pasipoti yake ilichukuliwa, hivyo hakuweza kupigana hata nje ya nchi.

Hebu kijana fikiria. Kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupanda ulingoni kwa pambano lolote. Hiyo ni miaka mitatu na nusu, kuanzia umri wa miaka 25 hadi karibu 29, wakati ambao mwili wa mwanamichezo huwa na nguvu zake zote. Alipata riziki kwa kuzunguka vyuo vikuu akitoa mihadhara. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile kwa kura 8 bila hata moja ya kupinga. Jina lake lilisafishwa, lakini miaka ile hakuna mahakama iliyoweza kumrudishia. Msimamo una gharama yake, na mwenye kuuchukua ajue hivyo mapema.

Usiku wa Kinshasa

Aliporudi hakuwa tena na wepesi ule wa zamani. Machi 1971 alishindwa na Joe Frazier mjini New York, akaangushwa chini katika raundi ya 15. Machi 1973 Ken Norton alimshinda na kumvunja taya. Baadaye aliwashinda wote wawili waliporudiana, lakini bingwa alikuwa sasa George Foreman, kijana wa miaka 25 ambaye alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Frazier na Norton, watu waliompa Ali taabu yote ile, Foreman alimmaliza kila mmoja wao katika raundi ya pili.

Pambano la Ali na Foreman lilifanyika hapa kwa majirani zetu, Kinshasa, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, tarehe 30 Oktoba 1974. Lilianza usiku wa manane, karibu na alfajiri, ili Wamarekani walione kwa saa zao. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliogopa kuwa ataumizwa vibaya.

Kuanzia raundi ya pili alifanya jambo lililowashtua hata walimu wake. Aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Kona yake ilimpigia kelele atoke pale, lakini hakutoka. Foreman alirusha makonde mazito, mengi yakaishia mikononi na mbavuni, na raundi baada ya raundi mikono yake ikaanza kuwa mizito. Mwishoni mwa raundi ya nane Ali alijitoa kwenye kamba, akarusha makonde ya haraka, na Foreman akaanguka.

Yule aliyepoteza wepesi wa miguu alishinda kwa subira na akili. Kijana, ukipoteza kitu mchezoni, kaa chini uhesabu ulichobaki nacho.

Ulimi ulioumiza

Tusifiche upande wa pili, maana historia yenye sifa tupu haimfundishi mtu. Ali alikuwa na ulimi mkali. Joe Frazier alimtetea wakati wa kufungiwa ili arudishiwe leseni. Pamoja na wema huo, Ali alimwita mjinga mbele ya dunia nzima, na kabla ya pambano lao la Manila mwaka 1975 akamfananisha na sokwe. Watoto wa Frazier walidhihakiwa shuleni kwa maneno hayo. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi hadharani, lakini jeraha lilimkaa Frazier miaka mingi. Frazier alipofariki mwaka 2011, Ali, mgonjwa na dhaifu, alikwenda mazikoni.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa nguvu ya kweli haimo katika kuwaangusha watu kwenye mieleka, imo katika kuimiliki nafsi wakati wa hasira. Katika jambo hili bingwa wa dunia alishindwa, na alikiri.

Siku alipokuja Dar es Salaam

Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Alipofika Tanzania, Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi walimuuliza kwa nini Marekani haikuunga mkono nchi za Kiafrika ziliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Ali alikiri kuwa hakuelezwa jambo hilo. Umaarufu haukumzuia kusema "sikujua".

Kususia kule kwa 1976 pia kuliwagharimu vijana wetu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, aliikosa Montreal. Hakutundika viatu. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow, naye akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mwenzake Suleiman Nyambui alipata ya fedha katika mita 5000.

Mkono uliotetemeka

Mwaka 1984 madaktari walimgundua Ali kuwa ana maradhi ya Parkinson. Taratibu alipoteza kasi ya mikono, kisha sauti ile iliyojulikana dunia nzima. Julai 1996 alisimama mjini Atlanta mbele ya mamilioni ya watazamaji, mkono ukitetemeka, akawasha mwenge wa Olimpiki. Hakuona haya kuonekana dhaifu. Alifariki tarehe 3 Juni 2016, na siku chache baadaye akasaliwa sala ya jeneza Louisville, mji uleule alikoibiwa baiskeli.

Ndugu wazazi, kijana wako akirudi nyumbani ameshindwa, usianze kwa kumuuliza nani kafunga. Mpe maji, mwache aswali, mwache akae kidogo. Kisha muulize: umepoteza nini leo, na umebaki na nini? Akiweza kujibu swali hilo akiwa na miaka 12, atalijibu pia siku atakapofeli mtihani, atakapokosa kazi, au atakapofiwa.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu afya, subira na ndimi njema. Amin.

Wabillahi tawfiq.