Viatu Vinasema Unatoka Wapi

Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, mtu wa Kibera alikuwa na silaha ya mvua isiyogharimu kitu: juala mbili. Unatia mguu na kiatu chake ndani, unafunga kwenye kifundo, unavuka tope la Gatwekera hadi kwenye lami. Hapo unavua, unatupa, unapanda mathree ukiwa mtu wa tao kama wengine. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza, na faini ya hadi shilingi milioni nne. Sisemi marufuku ilikuwa mbaya. Ni hizo hizo juala zilizokuwa zikiziba mitaro yetu. Ila sidhani kuna aliyekaa akajiuliza watu wa tope wangevaa nini kuanzia asubuhi iliyofuata. Wengi walirudia mbinu ya zamani: gambuti mguuni, viatu vya kazi ndani ya begi. Ama unamlipa kijana wa steji mwenye karai na brashi akuoshe viatu kabla hujapanda.

Shida yote hiyo ni ya nini? Ni ili usijulikane. Nairobi tope ni anwani. Ukiingia kwenye intavyuu na soli nyekundu, mtu wa mapokezi ameshajua unakolala kabla hujataja jina.

Mji wenyewe ulianzia kwenye maji. Jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, wahandisi waliipenda tambarare hii kwa sababu treni ilihitaji mahali pa kupumua kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Waliwaza gurudumu, hawakuwaza mguu. Palikuwa kinamasi cha udongo mweusi, ule unaopasuka jua likiwaka na kunyonya kiatu mvua ikinyesha. John Ainsworth, mtawala wa Kiingereza aliyehamia kutoka Machakos, alipanda mikaratusi, mti unaojulikana kwa kiu yake. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa magonjwa, akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi ya watu. Kisingizio kilikuwa afya. Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi, ambako maji hushuka yenyewe.

Sasa hapa ndipo Kawangware inachekesha, kama unaweza kucheka. Jina lake linatokana na ngware, yaani kwale kwa Kikuyu. Iko magharibi hiyo hiyo, jirani na Lavington, mvua ni moja na udongo mwekundu ni mmoja. Lakini ilikuwa upande wa Dagoretti, nje ya mpaka wa mji, na iliingizwa ndani karibu na uhuru, mwaka 1963. Kwa hivyo mama anayefanya kazi ya nyumba Lavington anatembea dakika kadhaa tu na kuvuka miongo ya historia: anaanza kwenye utelezi wa Gatina, anamalizia kwenye nyasi zilizokatwa kando ya lami.

Kibera hadithi ni nyingine. Wanubi, askari wa jeshi la KAR, walianza kupewa ardhi huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 pakatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Waliita Kibra, msitu. Hata jina Laini Saba limebaki kutoka uwanja wa shabaha wa wanajeshi. Lakini serikali, ya mkoloni na zile zilizofuata, iliwahesabu wakaaji hao kama wageni kwenye ardhi yake, na huwezi kujenga njia ya miguu mahali unaposema watu hawapo. Hati ya ardhi ya ekari 288 ilitolewa kwa jamii ya Wanubi mwaka 2017. Karne nzima kwenye tope, wakingoja karatasi.

Wakati huo wa mkoloni, mwanamume Mwafrika alibeba kipande ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni, ili askari ajue ni nani na ameajiriwa wapi. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kumdai wakapigwa risasi. Kipande kilikwisha. Lakini siku ya mvua soli yako bado inasomwa mlangoni na mlinzi ambaye, mara nyingi, naye ametoka mtaa huo huo.

Halafu unafika tao na unakuta utelezi wa aina ya pili. Mwenye jengo ameweka vigae vinavyong'aa mbele ya duka, kwa sababu vinang'aa. Kigae kikavu hakina neno. Kikilowa, utando mwembamba wa maji unakaa kati yake na soli kwa kuwa hauna pa kwenda. Ongeza udongo wa Kawangware uliojaa kwenye mistari ya soli, na hapo una sabuni. Ndiyo maana anayeanguka tao mara nyingi ni yule aliyetembea kutoka mbali, si yule aliyeshuka kwenye gari. Watu hucheka kidogo, wanamwinua, wanamwambia pole. Lakini mkono uliovunjika, kwa mtu wa mjengo anayelipwa kwa siku, ni kodi ya nyumba imeenda.

Kabro zina afadhali: zina mkwaruzo, na maji hupita katikati. Mwaka 2020 na 2021 barabara kadhaa za katikati ya jiji zilipata kabro mpya, na nazisifu, hata kama ile moja iliyolegea itakurushia maji machafu mpaka gotini. Hatari zaidi ni mashimo ambayo vifuniko vyake viliuzwa kama chuma chakavu. Mtaro ukifurika, shimo na njia vinafanana.

Karibu safari nne kati ya kumi Nairobi ni za miguu. Kaunti inalijua hilo: sera yake ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Miaka mitatu baadaye, Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera na takriban watu 30,000 wakapoteza makao, shule zikabomolewa, ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Lami ilifika Kibera, ndiyo. Ilikuja kwa ajili ya watu wanaoipitia tu.

Wenyeji wana njia yao. Mvua za Aprili zikishika, watu wa Laini Saba wanaacha vichochoro na kupanda kwenye reli, ile ile ya kwenda Uganda. Kokoto zake hazitelezi, maji yanapita chini, na ukishaizoea nafasi kati ya mataruma unatembea bila kuangalia. Wanaelekea Industrial Area kwa mstari, mwavuli nyuma ya mwavuli. Treni ikipiga honi wanashuka kwenye tope. Ikishapita, wanapanguza viatu kwenye chuma na kupanda tena.